Mbavu Zilizotangulia

Mbavu zangu za ujanani zimezikwa upande wa Msanzi, katika kaburi la mzee niliyesema naye mara moja tu, na siku hiyo nilimwambia asipumue. Mimi mwenyewe nipo hapa Chanji, mjini Sumbawanga, naota jua nyuma ya nyumba, nikiwa na mbavu nyingine mahali pake. Nikilisema hili mbele ya wajukuu wanatazamana kwa jicho la pembeni. Wanadhani bibi yao ameanza. Bibi yao alianza zamani sana, katika chumba chenye taa nyekundu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kipaji changu kilikuwa kimoja: kukaa nyumbani. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba hata kuzaliwa nilichelewa wiki mbili, kama mtu anayeambiwa atoke kwenye blanketi mwezi wa saba. Wenzangu walililia Dar es Salaam, Tabora, hata Mbeya. Mimi niliyajua majiko ya majirani kwa moshi wake na nilikuwa nimeridhika. Lakini miaka ile ya ujamaa mtu hakuachwa aridhike. Nchi ilikuwa inajengwa, kila mkono ulitakiwa, na msomi wa kidato cha nne aliyeshinda jikoni kwa mama yake alitazamwa kama jembe jipya lililofichwa uvunguni. Balozi wa nyumba kumi alipita mara mbili kuuliza nafanya nini. Kabla hajapita mara ya tatu, Mama akanipeleka hospitali, mzima wa afya, akaniacha huko nitafutiwe kazi.

Ilikuwa hospitali ndogo ya masista, nje kidogo ya mji. Siku hizi haipo, na jina lake naliacha lipumzike. Sista mkuu alinichukua niwe msaidizi wa kila kitu: kufua mashuka, kuandika majina ya wagonjwa, kutafsiri Kifipa kwa watumishi wageni. Baada ya miezi michache akaniita ofisini akaniwekea fomu mezani. Ningeweza kwenda uuguzi, katika chuo kilicho karibu kiasi kwamba kila Jumamosi ningekula kwa Mama. Au ningeweza kwenda Dar es Salaam kusomea eksirei. Nichague kimoja kabla ya mwisho wa mwezi.

Mtu wa nyumbani angechagua uuguzi bila kuumiza kichwa. Mimi nilitaka eksirei, na sababu yangu ni ya aibu. Muuguzi ni mali ya watu. Anashikwa mkono, anatapikiwa, anaulizwa na mama wa mtoto swali lisilo na jibu, na kesho yake anarudi pale pale aulizwe tena. Mtu wa eksirei anakaa na mgonjwa dakika tano, na nyingi ya hizo mgonjwa amempa mgongo. Vuta pumzi. Usipumue. Haya, pumua, nenda zako. Kisha anaingia kwenye chumba cha giza, anatia komeo, anabaki na taa yake nyekundu na beseni za dawa. Kwa hesabu yangu hicho kilikuwa chumba changu cha nyumbani, ila tu kimejengwa mbali.

Mama hakuamini. Aliniambia nikifika Makambako nitakuwa nimeshalilia jiko, na dereva atanirudisha na mizigo ya watu. Sista naye aliposikia ninakoelekea hakunigombeza. Alisema tu kwamba mimi naogopa watu, akalisema kama anayesoma kipimo, akaongeza kuwa wauguzi wengi aliowafundisha walianza hivyo hivyo.

Aliyenitetea alikuwa fundi wa eksirei mwenyewe, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye alijihesabia utani na sisi Wafipa tangu siku aliyoshuka kwenye basi. Alinifundisha kazi huku akinisema. Alidai hajawahi kuona kabila linalovaa sweta hadi ndotoni, na kwamba sisi tukifa ndugu hawagundui mpaka wiki ya pili kwa sababu tulikuwa tumeshapoa. Lakini alinionyesha kila kitu: jinsi ya kuitoa filamu kwenye kaseti gizani kwa kupapasa, kuichovya kwenye dawa ya kwanza na ya pili, kuisuuza, kuitundika ikauke. Kwa kuwa hakujua Kifipa, maneno ya kumwamuru mgonjwa nilikuwa nayasema mimi.

Kozi zote mbili zilitaka picha ya kifua cha mwombaji. Ijumaa moja Fundi akanisimamisha mimi mbele ya mashine. Shimizi yangu ilikuwa imekatika kamba, nimeiunga kwa pini, na sikuwa tayari kuivua mbele ya mwanaume hata kama alikuwa anakwenda kutazama mifupa. Picha ilipotoka, pini ilikuwa pale juu ya mbavu za kushoto, nyeupe, imefungwa sawasawa, inang'aa kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho ndani.

"Mtani," Fundi akasema, "nilijua tu ndani yako kuna kitu kimefungwa."

Akaandika jina langu pembeni kwa wino mweupe, akaitia picha kwenye bahasha ya kaki, akaiweka kwenye droo isubiri saini ya daktari.

Jumanne iliyofuata aliletwa yule mzee. Alikuja na lori la ushirika, juu ya magunia ya maharage, kutoka kijiji kipya upande wa Msanzi, mkewe ameketi nyuma yake amemshikilia kama mtu anayeshikilia mlango dhidi ya upepo. Mzee alikuwa mrefu, mwenye adabu, akikohoa anageuzia uso ukutani. Fundi akamsimamisha, kifua kwenye ubao. Nikamwambia kwa Kifipa avute pumzi, kisha asipumue. Alitii kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwamuru. Mashine ikalia, Fundi akanipa kaseti, na mimi nikatoka nayo mbio kwenda kwenye chumba changu cha giza. Nikasahau kumwambia apumue. Mkewe ndiye aliyemwambia, kutoka mlangoni.

Gizani nikaitoa filamu kwenye kaseti. Nilikuwa nimeishika mkononi niliposikia sauti ya Mama uani. Niliondoka asubuhi bila kula, na yeye alikuwa amenibebea ugali wa ulezi na maharage, mwendo wote ule, ndani ya kitambaa. Hakuniita kwa nguvu. Aliniita kama anavyoniita nyumbani, na mimi nikafanya kama ninavyofanya nyumbani: nikafungua mlango.

Jua la saa saba likaingia lote kwa pamoja. Niliufunga haraka, kama mtu anayefunika chungu baada ya nzi kutumbukia. Nikaichovya filamu kwenye dawa hata hivyo, nikijidanganya kwamba pengine mwanga haukuiona. Ilitoka nyeusi tii, ukingo hadi ukingo. Mzee hakuwemo.

Ningesema pale pale, Fundi angenitukana ukoo mzima, angempiga mzee picha nyingine, na habari ingekwisha. Filamu zilikuwa zimebaki chache, lakini zilikuwepo. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Mimi nikaenda kula kwanza, kwa kuwa chakula kilikuwa cha moto na Mama amekaa anasubiri vyombo. Nilipomaliza, jenereta ilikuwa imezimwa. Dizeli ilikuwa ya shida, iliwashwa Jumanne na Ijumaa tu. Nikajiambia Ijumaa si mbali.

Jumatano muuguzi wa wodini alikuja kuniuliza, daktari anaitaka picha ya mzee. Nikasema haijakauka. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu hadi saa nne, na kweli filamu zilikuwa zinakauka kwa taabu. Hata uongo wangu ulikuwa wa Kifipa, umevaa sweta. Akauliza tena jioni. Nikasema bado kidogo.

Alhamisi alfajiri mzee akafa.

Asubuhi ile Fundi alikuwa amekwenda mjini Majengo kutafuta spea. Nilikuwa peke yangu pale walipokuja mjane na shemeji yake, lori likisubiri nje na mwili umeshapakiwa. Shemeji alivua kofia akasema wamekuja kuchukua picha ya marehemu. Nikamwambia picha ni za hospitali, hazitoki. Nilisema kwa sauti ya kiofisi kabisa, mimi ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nafua mashuka.

Mjane akanitazama. Alikuwa mwanamke wa umri wa Mama, mwembamba, macho makavu.

"Binti, tuliambiwa tuhame, tukahama," alisema. "Kule mahameni umebaki mlango aliouchonga mwenyewe. Imebaki mizinga yake. Watoto wetu wawili wako chini kule, na miti inaota juu yao. Huyu ninayempeleka tayari si mzima. Kifua chake sikiachi hapa."

Nilisema nisubirini. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Ile nyeusi ilikuwa imening'inia kwenye kamba, na niliwaza kuwapa hiyo, lakini nani angekubali kuzika giza tupu? Nikafungua droo. Nikachukua wembe, nikakwangua jina langu pembeni mpaka likaisha. Mkono haukutetemeka. Nimefanya mambo mengi tangu wakati ule, kushona vidonda, kupokea watoto waliokuja kwa miguu, na mkono umetetemeka mara nyingi. Siku ile haukutetemeka, na mpaka leo sijausamehe.

Mjane aliitoa picha nusu kwenye bahasha, akaiinua kuelekea dirishani. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akairudisha, akaniambia asante, mwanangu, na lori likaondoka.

Sasa, mtu angetegemea niseme kwamba mzee alinitokea. Sumbawanga tunasifiwa kwa mambo hayo, na ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwauzia watu wa pwani. Hakunitokea. Hakuja ndotoni, hakugonga bati, hakuniita. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Nilihisi kwamba yuko mahali fulani amesimama wima, kifua kwenye ubao, mtiifu, anasubiri nimwambie apumue.

Mimi nikaanza kupumua nusu nusu, kama mtu aliyeazima pumzi na mwenyewe yuko njiani kuifuata. Nikilala ubavu wa kushoto nahisi pini. Asubuhi nikiona umande umeganda kwenye nyasi nawaza baridi iliyoko chini kule, na mbavu zangu hazina hata shuka. Nilipokwenda kupanga foleni ya sabuni, watu wakinisukuma nilishukuru. Ulikuwa ushahidi kwamba bado kuna kitu cha kusukuma. Mama alinichunguza tumbo kwa macho, akapanda hadi usoni, akakata shauri kwamba nina mchumba na mchumba huyo hafai.

Wiki ya tatu Fundi aliitafuta picha yangu kwa ajili ya fomu, kwani mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Akaniuliza kifua changu kiko wapi. Nikasema sijui. Akapekua droo, akapekua rafu, na nyuma ya rafu, pale nilipokuwa nimeisukumia, akaikuta ile filamu nyeusi yenye namba ya mzee. Alikuwa mtu mwepesi wa akili. Aliitazama filamu, akanitazama mimi, akakumbuka lori. Akaanza kucheka.

"Wafipa nimesikia mengi juu yenu," alisema. "Lakini mtu kwenda kujizika mwenyewe, tena kwa mkopo!"

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa amefika pale nilipokuwa mimi wiki zote tatu. Akaketi. Nikamuuliza kama mzee angepona. Alisema kikohozi kile ulikisikia tangu getini, kwamba picha ingeonyesha tu alichokuwa anakijua kila mtu, dawa ingeanza Jumatano, na siku moja haimwokoi mtu wa hali ile. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaanza kuifuta meza ambayo ilikuwa safi.

Hakunishitaki. Alisema kinyume chake, nijaze eksirei, atanipigia picha nyingine boksi jipya la filamu likifika, na atanitetea kwa Sista. Alisema fundi mzuri ni yule ambaye ameshafanya kosa kubwa mapema, maana halirudii. Nilikaa na fomu siku mbili. Nilijua kwamba alisema kweli, kwamba nisingefungua mlango ule tena maisha yangu yote, hata aniite nani. Na hilo ndilo lililonitia hofu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, fomu ikiwa mfukoni haijajazwa, Fundi aliniita nije kutafsiri. Mbele ya mashine alikuwa amesimama yule mjane. Alikuwa anakohoa, na alikohoa kama mumewe, akigeuzia uso ukutani.

Nikasema shikamoo, mama. Akaitikia. Nikamwambia avue shanga, aweke kidevu juu ya ubao. Hakuweka. Alianza kusema kwa Kifipa, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, hivi kwamba Fundi nyuma ya pazia alidhani tunasalimiana.

"Nikuulize, binti. Mume wangu alikuwa anavaa shimizi?"

Vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kamba ya bega.

"Pini niliiona tangu pale dirishani. Nikasema labda ndiyo ugonjwa wenyewe. Nilipofika nyumbani nikaitazama tena juani. Pini ni pini."

"Mbona mliizika, mama?"

"Watu walikuwa wamesimama, shemeji ameshika jembe. Ningesema nini? Kwamba nimepewa mwanamke?" Akakohoa, akasubiri kipite. "Lakini sikuja kwa ajili ya hilo. Nataka uniambie, kwenye picha yake yeye, uliona nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia mlango, na chakula, na jua, na kwamba nilisema haijakauka. Sikujua kama nililia, ila yeye hakulia.

"Fundi naye hakuiona?"

"Hakuiona."

"Daktari?"

"Hakuiona, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemalizia kupima kitu mkononi.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwona," alisema.

Kutoka nyuma ya pazia Fundi akauliza kama mgonjwa ameshavuta pumzi. Nikasema bado. Mjane akajitoa kwenye ubao, akazivaa tena shanga zake, akaugeuzia mgongo mtambo wote ule.

"Mimi hutanitia kwenye sanduku lako," aliniambia. "Kama unataka kunitazama, nitazame hapa hapa, kwa macho."

Nilimweleza Fundi kwamba mama huyu amekataa. Nilitegemea utani. Alitutazama sote wawili kwa zamu, akaizima mashine, akasema makohozi yake yapimwe, hayo hayahitaji chumba.

Nikampeleka wodini mwenyewe. Tulitembea taratibu, yeye akiwa ameniegemea begani, na uzito wake nikausikia hadi kwenye kisigino. Sista alikuwa mlangoni. Nikatoa fomu mfukoni, nikaijazia ukutani, uuguzi, kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Sijui kama ulikuwa ushujaa. Nakumbuka tu kwamba chumba cha giza kilikuwa nyuma yangu na nilitamani sana kurudi. Fundi aliposikia alisema nimemsaliti kwa ajili ya ugali wa Jumamosi, na kwa miaka yote tuliyojuana baadaye sikumkatalia. Picha ya fomu alinipiga boksi lilipofika. Safari hiyo nilivua kila kitu, akapiga amefumba macho, ikatoka imepinda.

Sista akaisoma fomu, akaikunja. Alifungua saa aliyoibana kifuani, akanipa, akaniambia nikahesabu pumzi za yule mama kwa dakika nzima, nimletee idadi.

Mjane alikuwa ameketi kitandani. Alifungua vifungo vya blauzi mwenyewe, bila kuombwa, akaninyooshea kifua chake kilichokonda na kunitazama usoni. Nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na moja nikapotea, kwa sababu kifua kilikuwa kinapanda na kushuka na mimi nilikuwa nakitazama badala ya kuhesabu. Nikaanza upya. Nikapotea tena.

"Umefika ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui.

"Basi anza tena," akasema. "Mimi nipo."